Jeneza Tupu Mlangoni pa Mwami

Pale soko la Kituku, kando ya ziwa huko Goma, wanawake wanaouza samaki walijua kwamba Mama Katungu huona mambo kabla hayajafika. Anapanga sambaza zake, samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni, lakini macho yako kwingine: mtumbwi gani umerudi mapema, nani amemnunia nani, kijana gani anazungukazunguka bila kununua. Jeanine, aliyeuza naye ubavuni, hakuacha kumtania.

"Weye Mama Luc, Mungu alikosea. Angekuweka askari wa mpaka."

"Askari wa mpaka wanalala," Katungu alijibu bila kugeuza kichwa. "Mimi silali."

Uangalifu huo haukuota tu kama uyoga. Alizaliwa Muhangira, kilima cha baridi huko juu upande wa Lubero, kwa watu wa maharagwe na viazi. Shule aliifuata mpaka mwaka wa nne wa msingi, kisha akapewa jembe. Alipokuwa msichana, vijana wa kilima cha jirani walimfukuza mwami wao, mtawala wao wa jadi. Walisema hakuna mtu anayezaliwa akiwa mkubwa wa wenzake. Yalikuwa maneno matamu, hata baba yake Katungu aliitikia kwa kichwa. Lakini kabla maharagwe ya msimu ule hayajakauka, kilima kile kilikuwa na wakubwa watano, kila mmoja na bunduki yake, na kila mmoja akisema amewekwa na watu. Padri wao alipowakemea, walimfukuza naye, wakafungia mbuzi ndani ya kanisa. Katungu alisimama kando ya njia akawatazama majirani wale wakishuka na magodoro kichwani, na wazee wamebebwa mgongoni. Tangu hapo, kila aliposikia mtu akisema "tuanze upya," alianza kuhesabu magodoro.

Baadaye vita viliwashusha watu wa Muhangira nao. Wengi walifika Goma. Mwami wao, Kamate, alifika pamoja nao, kwa miguu, akapata nyumba ya mbao katika mtaa wa Mapendo, juu ya yale mawe meusi ya volkano. Kitu alichokileta kutoka nyumbani kilikuwa kimoja tu: kiti cha ubwami, kigoda kifupi cha mti mweusi, kimelainika kwa kukaliwa na babu zake. Mtu angepita nje asingejua kwamba ndani ya mbao zile kuna mwami. Lakini ugomvi wa ndugu ulipelekwa pale. Ndoa ilitangazwa pale kabla ya kwenda parokia. Mtoto aliyezaliwa Goma, asiyejua hata upepo wa Muhangira unanukaje, aliletwa pale aambiwe yeye ni wa nani.

Katungu alikuwepo siku Kamate alipotawazwa, na jambo moja lilimkaa moyoni. Kamate alipelekwa kwanza kanisani, akapiga magoti mbele ya altare, padri akamwekea mkono kichwani. Alipoinuka ndipo alipokwenda kuketi kwenye kigoda. Tena alipoketi akasomewa makatazo yake mbele ya watu wote: asiuze ardhi hata kiganja kimoja, asile mbele ya watu, asitazame maiti, asiseme uongo akiwa ameketi pale. Katungu alikuwa na kanuni ndogo ya akili yake mwenyewe, hakufundishwa na mtu: mtu anayepiga magoti kabla ya kuketi, huyo unaweza kumwachia mlango wazi. Anayetaka kuketi tu, funga.

Sasa shida ilikuja kutoka nyumbani mwake mwenyewe.

Luc, mwanawe wa kwanza, alikuwa universite. Mdomo wake ulikuwa mzuri. Akiongea, hata watoto waliacha mpira. Aliingia katika kundi la vijana wa Muhangira waliozaliwa au kukulia mjini, lililojiita Kizazi cha Mwanga. Mkubwa wao alikuwa Daniella, msichana mwembamba mwenye sauti kali, asiyeogopa muzee wala padri. Malalamiko yao hayakuwa ya bure, na Katungu alikubali hivyo. Vijana hao walikuwa na kesi na mzee mmoja juu ya shamba la pamoja huko Muhangira, na Mwami aliirudisha mara kwa mara akisema upande mmoja haujasikilizwa vizuri. Mvua zilikuja, zikaisha, zikaja tena. Wazee wanaoketi naye barazani, wengine walikuwa wakisinzia hadharani.

Lakini Kizazi cha Mwanga hawakutaka kuamsha wazee. Walitaka kuondoa kiti.

Luc alimwambia mama yake jioni moja, bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, vikiwa mbele yao.

"Jumapili baada ya misa tunafanya kongre, Mama. Batu bote ba Muhangira. Tunapiga kura, tunaweka komite na prezida. Halafu kile kiti tunakivunja mbele ya batu, ili kiishe."

"Nani atakivunja?"

Luc alimega bugali, akachovya, akachelewa kutia mdomoni. "Mimi. Ndiyo nitasema hotuba, kisha nitashika shoka."

Katungu hakupiga kelele. Mikono yake ilianza kukusanya vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula.

"Na huyo prezida wenu," alisema mwishowe, "atapigia nani magoti?"

"Hatapigia mutu magoti. Atapigiwa kura."

"Basi huyo ndiye ninaogopa."

"Mama! Kamate alifanya nini ili akuwe mwami? Alizaliwa tu."

"Ndiyo vile. Hakupigana na mutu. Hakulewesha batu pombe. Hakuahidi barabara. Nionyeshe mukubwa mwingine wa namna hiyo humu Goma, nikamupelekee samaki."

Luc alicheka, lakini hakuachia. "Mutu mwenye akili hawezi kutawaliwa na kitu ambacho hakuchagua."

"Ulinichagua mimi? Ulipiga kura nikuwe mama yako?"

"Weye haunikatii kesi ya shamba."

"Nakukatia kesi tangu unatambaa. Na lugha unayonitukania, uliichagua? Jina la babu yako, na ubatizo, na hicho kilima mnachogombania, viko kwenu kwa sababu kuna mutu alivitunza kabla hamujazaliwa. Hata yeye hakuvitengeneza. Alivipokea, akavipitisha. Sasa munataka kukata kamba katikati, halafu museme ninyi ndiyo mwanzo. Na wale wenye hawajazaliwa, kwenye kongre yenu nani atawanyooshea mukono?"

"Mama, kama ungeenda universite, tungepata shida."

"Universite nimeizaa. Kula."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini asubuhi hakwenda Kituku. Alikwenda parokia kumtafuta Padre Florent. Hakuwa akihofia kigoda peke yake. Alihofia kwamba kigoda kikivunjwa, Muhangira yote itakumbuka, vizazi na vizazi, kwamba shoka lilikuwa mkononi mwa mtoto wa Katungu. Jambo kama hilo halifutiki kwa kuomba msamaha. Lingekaa kwenye jina la Luc na la watoto wake.

Padre Florent alimsikiliza akiwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mzaliwa wa Butembo.

"Niwakataze ukumbi wa parokia? Nimekwisha kuwakataza. Wamepata mwingine," alisema. "Mama, mapinduzi yote yanaanza na nyimbo. Ubaya ni kwamba nyimbo ni nzuri kweli. Musiwatukane hawa watoto. Musiwapige. Ninyi mushike tu yale mliyopokea, muyashike vizuri, hata lile dogo. Kitu cha kweli kinajitetea, lakini kinahitaji batu ba kukishika."

Katungu aliondoka na maneno hayo bila kujua atayafanyia nini. Lile dogo lipi?

Jumamosi, yeye na Jeanine na akina mama wengine walikwenda kufagia ua wa Mwami, kama walivyozoea kabla ya Jumapili. Walikuwa wamefikia mlango wa ua waliposikia nyimbo. Kizazi cha Mwanga walikuwa wakipanda barabara ya Mapendo, simu zimeinuliwa juu wanapiga video, na mbele yao vijana wanne wamebeba jeneza. Daniella alitembea ubavuni akiita, na wengine wakiitikia:

"Ubwami!"

"Umekufa!"

"Kamate!"

"Amekufa!"

Kwenye kona ya mbele ya jeneza, bega lake la kulia chini ya ubao, alikuwa Luc.

Ndani ya nyumba, Mwami Kamate alisikia. Kwa kuwa hatazami maiti, aligeuza kigoda chake, akaupa mlango mgongo.

Vijana walifika, wakatua jeneza kwenye kizingiti. Walicheka, wakapeana mikono. Baadhi ya akina mama walianza kuwafokea, na mmoja aliinua ufagio. Katungu alimshika mkono. Alikuwa amesimama wima, anatazama jeneza, na kitu kilikuwa kinamrudia polepole. Alikuwa mtoto wa kubebwa mabegani mwa baba yake siku baba yake Kamate alipofariki. Mwami wa Muhangira hazikwi mbele ya watu. Mwili wake wazee huupeleka msituni, mahali wanapopajua wao. Kinachobebwa mchana, kwa nyimbo, na kuwekwa kwenye kizingiti cha nyumba yake, ni jeneza tupu.

Vijana hawa waliozaliwa mjini walitaka kufanya mchezo wa kudharau mazishi ya mwami. Bila kujua, walikuwa wamefanya mazishi yenyewe, hatua kwa hatua.

"Luc," aliita. "Umesema nani amekufa?"

"Mwami amekufa, Mama!" Luc alijibu kwa sauti, akicheka ili wenzake wasikie.

"Unasema mbele ya batu?"

"Nasema mbele ya batu bote!"

Katungu alipiga magoti juu ya mawe, akaweka mikono kichwani, akapaza kilio. Hakikuwa kilio cha mama mwenye hasira. Kilikuwa kile cha kumlilia mwami, kinachoanzia chini kooni, kinapanda na kukatika ghafla. Jeanine alimtazama kama anamtazama kichaa. Kisha uso wake ukabadilika, akaelewa, akaanguka chini naye akakipokea. Akina mama wengine wakakipokea. Kutoka nyumba za jirani, wazee wa Muhangira wakatoka, wakaona jeneza kwenye kizingiti, wakavua kofia zao, wakaketi chini kwenye vumbi.

"Wanaogopa!" Daniella aliwaambia wenzake. Lakini hakuna aliyeogopa, na hilo ndilo lililoanza kumsumbua.

Kwenye ukuta kulikuwa na mafungu ya maganda makavu ya mgomba, ya kufungia vitu. Katungu aliinuka na macho yaliyolowa, akachana ganda moja, akamwendea mwanawe, akalifunga kwenye kifundo cha mkono wake.

"Mama, unafanya nini?"

"Umemubeba mwami. Anayemubeba mwami anafungwa. Kutoka sasa hauketi kwenye kiti, na hausemi mbele ya batu."

"Lakini jeneza iko tupu!"

Mzee mmoja aliyeketi chini alijibu bila kuinua uso. "Hata la baba yake lilikuwa tupu, mutoto. Hata la babu yake. Mulifanya vizuri sana. Nani aliwafundisha?"

Luc alifungua mdomo. Wazee wote wakamtazama, si kwa ukali, bali kama mtu anavyomtazama mwenzake aliye kwenye msiba. Akaufunga. Jeanine alikuwa tayari ameshawafunga watatu wale wengine, nao walikuwa wamesimama wameshika mikono yao kama watu waliokatwa kisu.

"Sasa ni matanga ya mwami," Katungu alisema, na sauti yake iliwashangaza hata akina mama waliomfahamu. "Katika matanga ya mwami hakuna harusi, hakuna kesi, na hakuna mutu anaita mukutano. Mupaka yule anayeketi kwenye kigoda afungue hayo maganda kwa mikono yake na kuwanawisha. Hakuna mwingine anayeweza kufungua. Komite haiwezi."

Daniella ndiye aliyeelewa mara moja, maana alikuwa na akili. Uso wake ulianguka. "Kongre yetu ni kesho," alisema.

"Haukuweza kungoja mupaka kesho kutwa ili umuzike?" Jeanine aliuliza. Akina mama, katikati ya kilio chao, walicheka.

Usiku ule Luc alikula akiwa ameketi sakafuni. Hakuna aliyemwamuru. Katungu alimwona akiuzungusha mkono, akilitazama ganda lile. Aliogopa, kwa sababu ganda la mgomba hata mtoto analikata kwa meno.

Jumapili baada ya misa, watu wa Muhangira walikwenda ukumbini. Walikuja wote, zaidi ya vile Kizazi cha Mwanga walivyotumaini: wenye maduka, wauza mkaa, wazee wa fimbo, akina mama na watoto mgongoni. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa vizuri. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa. Shoka lilikuwa juu ya meza.

Hakuna aliyeingia. Waliketi chini nje, kwenye uwanja.

Daniella alishika mikrofoni. "Ingieni! Mama zangu, baba zangu, ingieni!" Spika ilipiga kelele, ikanyamaza. "Nani amewakataza? Kuna askari hapa? Mwami ametuma mutu?" Alielekeza kidole kwenye viti vitupu. "Ninyi ni huru! Hakuna mutu anayewafunga!"

Ilikuwa kweli. Katungu, aliyeketi mstari wa mbele, alisikia ukweli huo ukianguka katikati ya watu na kubaki hapo. Hapakuwa na askari hata mmoja. Mzee mwenye kesi ya shamba alikuwa ameketi ubavuni mwa kijana mmoja aliyemshitaki, magoti yanagusana.

Daniella alishuka kwenye jukwaa akamwendea Luc, aliyekuwa ameketi chini na wabebaji wenzake. Alimnyooshea wembe.

"Kata. Ni ganda tu. Kata, simama, useme ile hotuba."

Luc alipokea wembe. Aliuweka juu ya ganda. Macho ya Katungu, yaliyozoea kuona mambo kabla hayajafika, safari hii hayakuona kitu. Mwanawe angeweza kwenda upande wowote. Alitaka kumwita na hakumwita. Alijua kwamba akimwita sasa, hata mkono ukizuilika, utakuwa umezuiliwa na mama tu.

Luc aliinua uso akatazama watu. Aliwatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtafuta aliyemfunga ili amkatalie, na anaona hayupo. Wapo watu wake tu, wameketi kwenye vumbi kwa ajili yake. Akauweka wembe chini. Akasimama, bila neno, akaanza kutembea kuelekea Mapendo. Wabebaji watatu wakamfuata. Kisha uwanja mzima ukainuka.

Katungu alitaka kulia tena, lakini kilio alichokuwa nacho hakikuwa cha matanga.

Mwami Kamate alikuwa barazani, jeneza limefunikwa kwa shuka ili asilitazame. Padre Florent alikuwa amefika na stola yake, kitambaa cha upadri, shingoni. Mwami alipiga magoti, akabarikiwa, akajikokota kuinuka, akaketi kwenye kigoda. Maji yakaletwa. Aliwanawisha wale vijana mmoja mmoja, akafungua maganda kwa vidole vyake mwenyewe.

"Sema sasa," alimwambia Luc.

"Nisamehe, Mwami." Sauti ilikuwa imekauka kwa kunyamaza. "Tulitaka kukuondoa, na hata kukuondoa tulitumia mila yako."

Kamate alicheka mpaka akakohoa. "Mwami hasikii kilio chake. Babu zangu wote hawakusikia chao. Mimi nimesikia! Nani yule alilia kama mbuzi wa Masisi?"

"Ni Jeanine!" akina mama walipaza.

"Mwami, mimi nilikulilia kwa roho yote!"

"Nilikusikia. Nikikufa kweli, weye ukae nyumbani."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Daniella peke yake alibaki mlangoni, mikono kifuani. Alingoja watulie.

"Na kesi yetu?" aliuliza.

Wazee walinung'unika, lakini Mwami aliwanyamazisha. "Ameuliza mahali panapofaa kuuliza. Ingia, mutoto wangu. Kesi yenu nimeichelewesha. Hilo ni kosa langu, nalisema nikiwa nimeketi hapa, pahali nisipoweza kusema uongo. Wiki hii naikata. Na kutoka leo, vijana wawili wataketi kwenye baraza na hawa wazee wangu wanaosinzia. Weye na Luc. Hakuna aliyeninyang'anya nafasi hizo. Ninawapa."

"Tutasema sana, Mwami."

"Semeni. Mwami asiyesemeshwa anaharibika. Lakini mutasema mukiwa mumefungwa na makatazo kama mimi. Padri atawaapisha."

Daniella alisita. Kisha akaingia, na mbele ya stola ya Padre Florent, akapiga magoti. Katungu alimtazama msichana yule na kwa mara ya kwanza alimpenda.

Fundi seremala wa mtaa alikuwa anachungulia mlangoni muda wote. Ndiye aliyewaazima vijana lile jeneza, naye sasa alikuwa na mteja. "Basi, mumemaliza naye?" aliuliza kwa adabu, na vicheko vikaanza upya.

Ngoma ya ubwami ikatolewa nje. Walimwinua Kamate pamoja na kigoda chake, Luc mbele, wakashuka naye barabara ya Mapendo huku akina mama wakipiga vigelegele na vumbi jeusi likiruka hadi magotini. Katungu alicheza kama msichana wa Muhangira, kitambaa kimeanguka, hajali nani anaangalia. Mtu wa pikipiki alisimamisha injini, akashangaa umati ule, ngoma, stola ya padri, na jeneza linaloondoka upande mwingine kichwani mwa fundi.

"Mama, ni nani amekufa?"

"Mwami wetu!" Jeanine alimjibu, akimwonyesha muzee aliyekuwa juu ya mabega akipunga mkono. "Umusalimie!"